Mshono Uliofumuliwa

Inspekta aliamka juu ya kitanda kisicholia. Kwa mtu aliyelalia vitanda vya kambi na vya nyumba za wageni kwa miaka ishirini na sita, hilo peke yake lilitosha kumfanya amshukuru Mungu kabla hajavaa soksi. Dirisha lilikuwa wazi. Bahari ilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye mto wake, imetulia tuli, na mtu alikuwa akifagia majani mchangani polepole kama anayechana nywele za mtoto. Juu ya kiti kulikuwa na taulo nyeupe iliyokunjwa ikawa bata. Jana jioni alimwonea huruma huyo bata, akajifutia shati lake.

Hakuja kupumzika. Alikuja na boti ya mwisho baada ya meneja wa hoteli kupiga simu kituoni na kusema kwamba mgeni wa chumba namba saba, mwanamke wa miaka sabini na mbili, ameshambuliwa mchana kweupe. Kwamba mshambuliaji ameshakamatwa. Na kwamba kilichobaki ni pingu tu. Kituoni walikuwa na wapelelezi wepesi kuliko yeye, lakini wote walikuwa nje. Wenzake walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa na koplo mmoja aliyechoka kumngojea mlangoni mwa nyumba iliyokwisha kupekuliwa mara mbili, likamnata, hadi mkewe akawa analitumia.

Jana alifanya machache. Alikwenda kwenye zahanati iliyo nyuma ya hoteli, akamwona mama mgonjwa amelala, anapumua vizuri, dripu mkononi. Alifunga chumba namba saba, ufunguo akauweka chini ya mto wake. Kisha akamtoa mtuhumiwa kwenye stoo ya mashuka alikofungiwa, akaagiza apewe chakula na kitanda kwenye mabweni ya wafanyakazi, mlinzi akae mlangoni. Mtuhumiwa alikuwa dobi wa hoteli, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alisema maneno mawili tu, "Sijamgusa," kisha akafunga mdomo.

Asubuhi hiyo meneja alikuwa akimngojea mlangoni mwa namba saba. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe.

"Kwa kifupi, afande," alianza, na Inspekta alikwisha kujua kwamba kifupi cha mtu huyu kilikuwa kirefu. "Kavunja mlango wa kioo, kaingia, kamvamia mama wa watu, kamchania gauni. Binti yake alikuwa ameenda na boti kuangalia samaki, kwa hiyo mama alikuwa peke yake. Mimi kwa macho yangu nilimwona dobi anakimbia, saa nane na dakika kumi, anaelekea nyuma. Mbio za mtu aliyefanya jambo. Na mkono wake ndio huo, una bandeji."

"Kuna kilichoibiwa?"

"Hakuwahi."

Inspekta alipiga magoti. Magoti yalimlaumu, akayanyamazisha. Kioo kilikuwa kimevunjwa kutoka barazani. Vipande vyote vilikuwa vimeangukia ndani, na kiti cha mbao cha barazani kilikuwa kimelazwa ubavu, mguu mmoja umechubuka. Mpaka hapo meneja alikuwa sahihi. Lakini sakafuni, pale mama alipokutwa, vipande vilikuwa vimesukumwa mbali, pakabaki duara safi kama pamefagiwa kwa kiganja. Shuka la juu la kitanda lilikuwa limekunjwa mara mbili na kutandikwa hapo. Mto mmoja ulikuwa chini.

"Mama alikutwa amelala vipi?"

"Ubavu. Wa kushoto."

"Kichwa juu ya mto huu?"

"Ndiyo."

"Mvamizi aliyetandika," alisema Inspekta.

Karibu na mto kulikuwa na vipakiti vinne vya sukari, vile vidogo vya kwenye sinia ya chai. Vyote vilikuwa vimefunguliwa kwenye pembe, na pembe hizo zilikuwa na alama za meno. Inspekta alivitazama kwa muda uliomfanya meneja aanze kukohoa.

"Labda alikuwa na njaa," meneja alisema.

"Mwenye njaa angeanza na hiki." Inspekta alifunua sahani juu ya meza. Chakula cha mchana cha jana kilikuwa hakijaguswa, uma bado umeviringishwa kwenye kitambaa chake. Kando ya sahani kulikuwa na kijikebe cha dawa, na ndani ya kikombe bomba la sindano lililotumika. Alisoma jina la dawa, akaandika. Halafu akainamia simu ya kitandani. Mkono wa simu ulikuwa bado unaning'inia kwa waya wake, na juu yake kulikuwa na alama ya damu, ya vidole viwili.

"Damu ya mama?"

"Nesi anasema mama hana hata mkwaruzo," meneja alikiri. "Ndiyo maana nasema ni ya dobi."

Lilibaki gauni. Nesi alikuwa amelitia kwenye mfuko, Inspekta akalitoa na kulipeleka dirishani. Lilikuwa gauni zuri la kutokea, kola ya juu, la kumbana mtu shingo kwa heshima. Bega lote la kushoto lilikuwa wazi.

"Ona lilivyochanwa," alisema meneja.

Inspekta hakuona lilivyochanwa. Nguo ikichanwa hukatika inapotaka yenyewe, na kingo zake huota nyuzi kama ndevu. Hii ilikuwa imefunguka kwenye mstari wa mshono, kuanzia kwenye kola hadi kwapani, na kitambaa kilikuwa kizima kabisa. Uzi wa mshono ulikuwa umekatwa kila baada ya vidole viwili, halafu ukavutwa. Kazi ya sekunde chache kwa mkono unaoijua kazi hiyo, na kazi ya nusu saa kwa mkono mwingine wowote.

Alilirudisha gauni mfukoni, akatoka barazani kupunga hewa. Baraza la namba nane lilikuwa limepakana na hilo. Juu ya kiti chake kulikuwa na furushi la mapazia ya bluu, yamekunjwa vizuri, pindo juu.

"Na hayo?"

Meneja alikunja uso. "Uzembe wa wahudumu. Mapazia hayaachwi nje, chumvi inayala. Nitawasema."

"Usiwaseme kwanza," alisema Inspekta. "Niletee chai, tafadhali, nikiwa mapokezi. Chai yenu jana ilinirudishia roho."

*

Dada wa mapokezi alikuwa amevaa ua sikioni na alikuwa amelia. Wanja ulimwambia Inspekta hivyo hata kabla yeye hajafungua mdomo.

"Taa ya chumba namba saba iliwaka hapa kwenye simu saa nane na dakika saba," alisema. "Niliinua simu, nikasema karibu mapokezi. Hakuna aliyenijibu. Nikasikia mtu kwa mbali, kama ameiweka simu chini anazungumza na mwingine. Anapiga kelele. Nimeshamwambia bosi: alikuwa anasema lala, lala."

"Sauti ya mwanamume au ya mwanamke?"

"Pampu ya bwawa ilikuwa inanguruma, afande. Nilisikia mikia ya maneno tu."

Inspekta alikunywa chai. Alishukuru kimoyomoyo kwa sukari iliyotiwa bila ubahili, akaweka kikombe chini.

"Fumba macho," alisema. "Usiniambie ulichomwambia bosi. Niambie kilichoingia sikioni. Lala, au lale?"

Dada alifumba macho. Midomo yake ilijaribu neno mara mbili tatu bila sauti. Kisha akayafumbua ghafla.

"Lale. Ni lale, afande! Kitu-kitu-lale mama, kitu-kitu-lale."

"Una uhakika?"

"Naapa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeigeuza ikawa lala, kwa sababu lale peke yake haina maana."

"Haina maana kwa kuwa imekatwa kichwa. Unamtaka mtu alale chini, unamwambia lala. Ukisema lale, kuna kitu mbele yake."

"Ulale," alisema dada.

"Inawezekana. Lakini mtu anayekubembeleza ulale hapigi kelele. Kuna nyingine?"

Dada alifikiri. Inspekta aliona neno linavyomfikia, kuanzia machoni.

"Usilale," alisema kwa sauti ndogo.

Inspekta aliandika. "Nani alimwita nesi?"

"Si bosi?"

"Bosi anasema ni wewe."

Walitazamana. Dada alitikisa kichwa. Yeye alikuwa amemtafuta meneja, meneja akachukua ufunguo, na walipofika namba saba nesi alikuwa tayari amepiga magoti ndani, anatafuta mshipa.

*

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na feni moja. Nje yake, kwenye benchi, alikaa binti wa mgonjwa, mwanamke wa makamo mwenye macho yasiyolala. Ndiye aliyemleta mama yake hotelini. Mama alikuwa mkunga kwa miaka arobaini, alisema, amepokea watoto wa watu usiku na mchana, hajawahi kukaa mahali akahudumiwa yeye. Siku sita za bahari zilikuwa zawadi.

"Na ndiyo zawadi niliyompa," alisema. "Nataka huyo mtu afungwe, afande. Sitaki kusikia habari ya msamaha."

"Nitakuuliza jambo ambalo hutalipenda. Mama anachoma sindano ya kisukari?"

"Kila siku kabla ya kula."

"Jana alichoma, na chakula kililetwa. Hakukila."

Binti alitazama mikono yake. Feni ya ndani ilizunguka, ikakwama, ikazunguka tena.

"Tuligombana," alisema hatimaye. "Alitaka kutandika kitanda mwenyewe kabla mhudumu hajaja. Nikamwambia, mama, hata huku hujui kupumzika? Nikamfokea. Akanuna, akasema nimwache, hana njaa, nikapande boti yangu. Nikaenda. Kwa hasira sikukumbuka kwamba ameshachoma." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikumwambia mtu. Nilijiambia haihusiani."

"Inahusiana," alisema Inspekta kwa upole. "Lakini haikugeuzi mwuaji. Mama alichoma dawa bila kula, sukari ikamshuka, akaanguka. Hakuna aliyemwangusha."

"Na kioo?"

"Nakifuata. Nipe muda kidogo, mimi si mtu wa mbio."

Nesi alikuwa mtu wa maneno machache na yote yalikuwa na kazi. Mgonjwa, alisema, alikuwa na sukari imepakwa ndani ya shavu, kidogo kidogo, na alikuwa amelazwa ubavu ili asipaliwe. Asiyejua angemmiminia soda mdomoni, na pengine ndiyo ingekuwa mwisho wake. Dakika kumi zaidi bila ile sukari, yeye nesi angeikuta maiti.

"Aliyefanya hivyo anajua," alisema. "Kama si wa kazi yangu, basi amewahi kuuguza."

"Na nani alikuita?"

"Kwani hawajakwambia? Mwanamume mmoja, mfupi, aproni nyeupe. Alikuja mbio, hata kusema hawezi. Ananionyesha hotelini kwa mkono wenye bandeji, anasema saba, saba. Nilipotoka na mkoba hakuwepo tena."

*

Dobi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha bwenini, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Inspekta alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Fungua bandeji, kaka."

Dobi aliifungua. Chini yake kulikuwa na lengelenge refu lililonyooka kama rula, rangi ya nyanya.

"Pasi?"

"Pasi. Juzi."

"Kioo hakiunguzi." Inspekta alimsaidia kuifunga tena. "Jana ulikimbia kutoka karibu na namba saba hadi zahanati, ukamleta nesi. Umemwokoa mtu, unashikwa kama mhalifu, na hujitetei. Miaka yangu yote ya kazi nimeona watu wanaficha ubaya. Mtu anayeficha wema bado nilikuwa sijamwona. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Uliona mwenyewe, kutoka kwenye kamba zako za kufulia, kwamba mtu wa namba saba ameanguka?"

Dobi alikaza fundo la bandeji.

"Kamba ziko upande wa pili wa jengo. Nimepita hapo."

"Afande, mimi hata mkinipeleka, mke wangu ana kazi, watoto hawatalala njaa. Wengine hawana hivyo."

"Wengine ni wengi au ni mmoja?"

Dobi alitambua ameteleza, akauma mdomo. Inspekta hakumsukuma. Alisimama, akarudisha ndoo mahali pake.

"Sikuulizi jina," alisema. "Niambie tu kitu kimoja ambacho kila mfanyakazi hapa anakijua. Mapazia ya hoteli hii yanashonwa wapi?"

Dobi hakujibu kwa mdomo. Lakini macho yake yalikwenda dirishani, upande wa jiko, kabla hajayazuia.

*

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya jiko, kidogo, kinanuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tepi ya kupimia shingoni. Cherehani ilikuwa mbele yake, foronya chini ya sindano, lakini haikuwa inatembea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza. Wa kulia ulikuwa umezama ndani ya lundo la shuka, kama anayetafuta kitu.

"Habari ya kazi, mama."

"Nzuri, afande."

Afande. Inspekta alikuwa amevaa shati la kawaida na kofia ya jua. Alichukua kigoda, akakaa, akatazama ukutani. Karatasi moja ilikuwa imebandikwa hapo kwa pini, na chini yake sahihi ya meneja. Aliisoma yote, kwa mwendo wake. Ilikuwa onyo la mwisho. Ilisema kuwa kufuatia kupotea kwa hereni za mgeni, fundi haruhusiwi kuingia chumba chochote cha wageni, wala kusimama kwenye baraza zao, na kazi zote awakabidhi wahudumu. Akikiuka, siku hiyohiyo afungashe.

"Hereni zilipatikana?"

"Zilipatikana siku ya pili. Ndani ya kiatu cha mwenyewe."

"Na barua hii?"

"Barua ilibaki, afande. Bosi alisema niibandike nisisahau."

"Jana wahudumu walikuwa wapi?"

"Wanakula. Mgeni wa namba nane alikuwa anaingia saa tisa na dirisha halina pazia. Nikasema niyaweke tu kitini nirudi." Alisita. Kisha kila kitu kikamtoka kwa pamoja. "Nilivunja kioo, afande. Nitakilipa. Nilimwona mama yuko chini, anatetemeka, jasho limemlowesha, nikagonga hasikii, mlango umefungwa. Nikachukua kiti. Sikugusa kitu kingine, naapa kwa mama yangu. Simu niligusa. Na sukari. Na gauni, lilikuwa linamkaba, zipu imekwama, ningelichana lingemuumiza shingo, nikafumua bega kwa wembe wangu. Ni mshono wa dakika tano kuurudisha. Nitaurudisha."

"Nionyeshe mkono."

Aliutoa polepole. Kiganja kilikuwa kimefungwa kipande cha bitana ya pazia la bluu, na damu kavu ilikuwa imepita katikati.

"Ndiyo maana vipakiti ulivifungua kwa meno."

"Mmoja ulikuwa unavuja, mwingine ulikuwa umemshika kichwa."

"Na dobi?"

Machozi yalimlenga. "Nilimwona anapita njia ya nyuma na kikapu, nikampigia kelele akamwite nesi. Aliporudi akanikuta ninatoka. Nikamwomba asiseme aliniona, nikadhani litaisha hivyo tu, mama atapona, kioo watasema ni upepo. Sikujua watamkamata yeye. Leo alfajiri nilikwenda hadi mlangoni kwa bosi, afande, naapa, mkono umeinuka kubisha. Nikawaza mwanangu atasoma vipi. Nikarudi. Nina aibu."

Inspekta alivua kofia. Katika chumba kile hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha heshima hiyo.

"Mama," alisema, "mimi huwa nafika kwa watu wakiwa wameshakufa. Ndiyo kazi yangu, nafika baadaye. Leo asubuhi nimekwenda kumsalimu mtu ambaye alipaswa kuwa faili, nimemkuta anapumua. Asante sana. Sasa inuka twende."

"Wapi?"

"Kwanza kwa bosi wako. Usiogope, nitazungumza mimi."

Alizungumza, taratibu, mbele ya dada wa mapokezi na mbele ya dobi aliyeletwa na mlinzi. Alianza na kioo, akaenda kwenye mto, sukari, uzi, neno lililokatwa kichwa, pasi na nesi. Meneja alijaribu kusema kwa kifupi mara mbili, mara ya tatu akaacha. Alipoisikia habari ya barua alitoka bila kuaga. Walidhani amekasirika. Alirudi nayo mkononi, pini bado imo, akaichana vipande vinne, na vipande akakosa pa kuvitia, akavitia mfukoni mwa shati lake zuri.

"Mgeni angefia hotelini kwangu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na zaidi ya kusema. Alimgeukia dobi. "Nilikufungia na mashuka, kaka. Nisamehe."

"Angalau yalikuwa safi," alisema dobi. "Niliyafua mwenyewe."

Dada wa mapokezi alicheka hadi akashika kaunta, na fundi, ambaye alikuwa bado analia, akajikuta anacheka naye.

*

Mkunga alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, binti yake anamlisha uji kwa kijiko ingawa mikono yake miwili ilikuwa huru. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuamshwa. Inspekta alimtanguliza fundi. Fundi aligoma kizingitini.

"Mama, huyu ndiye," alisema Inspekta. Akamweleza binti kwa sentensi tano.

Binti aliweka bakuli chini. Maneno aliyoyaandaa tangu jana kwa ajili ya mvamizi yalikuwa bado mdomoni mwake na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alimfuata fundi mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu, akashindwa kusema hata asante. Alikuwa anampigapiga mgongo tu kama mtu anayembembeleza mtoto, na mtoto ni yeye mwenyewe.

"Mwachie apumue," alisema mkunga. "Njoo hapa, mwanangu. Kaa. Jana ulikuwa unaniambia nini?"

"Lini, mama?"

"Nikiwa kule chini. Nilikuwa nakwenda zangu, kumetulia, sina shida na mtu. Mtu akawa ananisumbua."

Fundi aliona haya. Alitazama sakafu. "Nilisema usilale, mama. Usilale."

Mkunga alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo sauti yenyewe. Nilikuchukia kweli." Kisha akaushika mkono wenye bitana ya bluu, akaugeuza, na sura yake ikabadilika ikawa ya kazini. "Nani amekufunga hivi?"

"Mwenyewe. Kwa meno."

"Inaonekana. Nesi! Niletee maji ya chumvi, pamba na bandeji. Na wewe binti yangu usinitazame hivyo, nimeshakula uji."

Nesi alileta sinia. Mkunga alifungua kile kitambaa taratibu, akilowesha palipogandia, asimuumize. Jeraha lilikuwa refu, limepita chini ya kidole gumba, lakini safi. Alilisafisha kutoka katikati kwenda nje. Mikono iliyokuwa inatetemeka jana ilikuwa imara kama meza. Fundi alikuwa ameduwaa, kiganja wazi mapajani mwa mama wa watu, hajui afanye nini na ukarimu wa namna hiyo.

"Ulijifunza wapi habari ya sukari ya shavuni?" aliuliza mkunga bila kuinua macho.

"Nilifundishwa hospitali. Baadaye. Mama yangu alikuwa na kisukari." Fundi alitazama sinia. "Siku ile nilikuwa namalizia sare za shule za watu, nikasema nikimaliza hii moja ndiyo nimpelekee chakula. Nilipoingia chumbani alikuwa ameshapoa. Nesi wa kule akanieleza ningefanya nini kama ningewahi. Nikayashika yote, ingawa sikuwa na wa kumfanyia."

Binti wa mkunga aligeukia ukuta. Mkunga alizungusha bandeji mara ya kwanza, mara ya pili, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaifunga fundo dogo bapa lisilokwaruza.

"Kwangu hukuchelewa," alisema.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini mkono hakuuachia. Aliuweka juu ya shuka, kati ya mikono yake miwili, akaegemea mito na kumuuliza fundi mtoto wake ana miaka mingapi na anapenda somo gani. Fundi alianza kumjibu. Inspekta alikuwa na maswali mawili matatu ya kujazia kwenye fomu yake. Aliitia kalamu mfukoni, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole sana, usilie.